Kinga ni bora kuliko tiba: maneno juu ya barabara ya Baraka na Fizi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama hapa Baraka. Tumeyaandika upya kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani na wale wa ng'ambo ya milima ambao hawakufika.)



Komite ilituomba tuseme kidogo juu ya kinga na barabara. Tumesikia wengine wakiuliza pale nyuma: watu wa shirika wana maneno gani ya kinga? Kinga kila mtu anaijua. Ni kweli. Lakini angalieni daftari la kasha letu. Masika haya tumefungua kasha mara mbili juu ya mifupa iliyovunjika, na mara zote mbili habari ilikuwa moja: mteremko, kinga yenye mzigo, freni iliyokataa.

Mara ya pili ni mwenzetu ambaye wote tunamjua. Mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe. Alikuwa anashuka kutoka upande wa Fizi na bidoni za mawese, mvua imetoka kunyesha, na mipira ya freni ilikuwa imelika mpaka chuma. Mguu ulivunjika, mawese yakamwagika yote, na wiki ile ile watoto wakarudishwa nyumbani juu ya minerval. Kasha lililipa hospitali. Kasha likalipa minerval. Leo mtu mwingine akianguka, kasha halina cha kumpa. Njo maana tuko hapa.

Wale tuliokaa Tanzania tunakumbuka maandishi ya ukutani kule kwenye zahanati za kambi: «Kinga ni bora kuliko tiba». Wenzetu wa huku wakiyasikia wanacheka, kwa sababu hapa kwetu kinga ni baiskeli, na wanauliza: baiskeli ni bora kuliko dawa, namna gani? Leo tunaomba maneno haya myasikie kwa maana zote mbili. Kinga ikiwa na freni, haitatupeleka kwenye tiba.

BARABARA YENYEWE

Kwenye karte, barabara yetu ni kitu kikubwa. Inaitwa barabara ya taifa namba 5. Inatoka Lubumbashi, inapitia Kalemie, inaingia Fizi, inashuka Baraka, inafuata ziwa mpaka Uvira, halafu inapanda Bukavu. Mtu wa Kinshasa akiiangalia pale ukutani kwa ofisi, anafikiri magari yanapishana usiku na mchana.

Sisi tunaoipita tunajua iko namna gani. Kati ya Baraka na Fizi ni zaidi ya kilomita 30 za udongo, mawe na mashimo. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita karibu 770 juu ya bahari. Fizi iko juu milimani, mamia ya mita kupita ziwa, na tofauti hiyo yote mtu wa kinga anailipa kwa miguu yake. Nyuma unaacha maji na milima ya Ubwari ng'ambo ya ghuba. Mbele kuna migazi, mashamba ya mihogo, bonde la Mutambala na vijito vyake, halafu vilima vinaanza, kimoja nyuma ya kingine. Ukifikiri umefika juu, unaona kumbe kile kilikuwa ni goti tu, kichwa bado.

Magari ni machache. Siku ya soko unaweza kukuta kamio moja ao mbili zimejaa watu na magunia. Kuna jipu za mashirika. Kuna pikipiki, na hizo zinaongezeka. Kisha saa nzima inaweza kupita na usisikie injini. Unasikia maji chini kwa bonde, unasikia mnyororo wako, unasikia mtu akikusalimia toka shambani kabla hujamwona. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani na Kanada wanatutumia picha za njia za kinga kule: njia za lami nyembamba zinazofuata mto, gari marufuku. Ulaya pia ziko, kando ya mto Loire kule Ufaransa, kando ya mto Danube. Watu wanachukua konji kazini na kusafiri mbali ili tu wapige pedali mahali pasipo na magari. Sisi tumeamka tukakuta iko mlangoni. Hatukuitengeneza hivyo kwa kupenda. Ni umaskini na vita vilivyofukuza magari. Lakini iko, na tuiangalie vizuri kabla hatujasema kwamba barabara isiyo na gari ni barabara isiyo na kazi.

Kwa sababu kimya cha barabara hii hakikuwa siku zote kimya kizuri. Mwaka wa 1996, na tena 1998, barabara ilinyamaza juu ya woga. Watu walikwenda kwa msitu, ao walishuka ziwani kutafuta mtumbwi wa kuvuka kwenda Kigoma. Mashamba yaliota majani. Kisha ikaja Oktoba 2005, meli za HCR zikaanza kutoka Kigoma na kushusha watu hapa hapa Baraka. Wengi wenu mlishuka pale na mabegi, sufuria, mabati, na wengine na kinga moja iliyofungwa kamba. Tunakumbuka watoto waliozaliwa Nyarugusu na Lugufu walivyoangalia milima hii na kuuliza: tutapanda kule?

Tena kuna jambo moja ambalo waliobaki huku pengine hawalijui. Kule kambini, sheria ilikuwa kwamba mkimbizi asivuke kilomita 4 kutoka kambi bila karatasi. Kinga tuliijua, ndiyo. Wengi wetu tulijifunza kule, mguu ukipita chini ya bomba kwa sababu kiti kilikuwa juu sana. Lakini ulikuwa unaendesha na kikomo kichwani. Ukifika pale, unageuza. Mtu aliyeishi hivyo miaka kumi, siku ya kwanza anapotoka Baraka saa kumi na moja asubuhi na kupandisha mpaka Fizi bila kuuliza mtu ruhusa, haendi tu kuuza ndakala. Amerudi nyumbani. Kwa hiyo tukisema barabara hii ilindwe, tunajua tunasema nini.

KINGA IMETOKA MBALI

Kidogo tu ya historia, halafu tunashuka kwenye freni. Mwaka wa 1888 mtu mmoja wa Scotland aliyekaa Ireland, John Boyd Dunlop, alitengeneza mpira wa hewa kwa ajili ya kinga ya mtoto wake. Kwa miaka michache dunia nzima ikataka kinga, na magurudumu yakataka mpira. Mpira ulikuwa wapi? Sehemu yake ilikuwa hapa kwetu, katika misitu ya Kongo, wakati ule nchi ikiwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885 mpaka 1908. Wababu wa Wakongo wengi walilazimishwa kuuleta kwa fimbo na kwa bunduki, na wengine walikatwa mikono. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kinga ni kitu cha kuomba kwa wageni. Wakongo walishailipa zamani, kwa bei kali sana.

Na Wakongo wameifanya kuwa yao. Kisangani wana toleka, kinga za kubeba abiria, na jina lenyewe kwa Lingala ni «tupite». Goma wana chukudu, ya mbao, haina pedali, inabeba magunia mpaka sokoni, nao wameisimamishia sanamu katikati ya mji. Sisi wa Fizi hatuna sanamu. Tuna kinga za chuma, Phoenix na wenzake, zinazobeba mihogo, mawese, makala, ndakala, mabati ya nyumba, na mgonjwa mara nyingine.

KUPANDA

Kupanda kunachosha, lakini hakuui. Mambo machache yanatosha.

Tufanye hesabu ya mzigo. Bidoni ya mawese ya lita 20 ni karibu kilo 18. Mtu anafunga tano: kilo 90. Kinga yenyewe na portbagaji yake nzito inapita kilo 20. Mwenyewe ana kilo 60. Jumla karibu kilo 170 juu ya mipira miwili myembamba. Waliotengeneza kinga ile walifikiria mtu mmoja na kifurushi. Hatusemi msibebe, tunajua hakuna atakayepanda Fizi kupeleka bidoni moja. Tunasema mjue mnachobeba.

Mzigo ukae chini na katikati. Mzigo ulio juu unavuta kinga kando kila ukikanyaga jiwe. Mzigo ulio nyuma sana ya gurudumu unainua gidoni wakati wa kupanda, na kinga inasimama kama mbuzi. Bidoni mbili huku, mbili kule, zikining'inia chini, ya tano juu ya portbagaji karibu na kiti. Kamba ya mpira uliokatwa kutoka kwa mpira wa ndani inashika kuliko kamba ya manila, kwa sababu inavuta yenyewe njia inapotikisa.

Na pale ambapo mlima ni mkali, shukeni msukume. Wazee wanalijua hili. Ni vijana wanaoona haya. Kwenye tambarare kinga inakupeleka mbali mara tatu na zaidi kuliko miguu kwa nguvu ile ile, lakini kwenye mlima mkali na mzigo faida hiyo inakwisha. Anayesukuma na anayekanyaga watafika saa moja. Mmoja atafika na magoti yake.

KUSHUKA

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, na wale wanaoongea karibu na dirisha wanyamaze kidogo.

Tumekaa na mafundi wawili wa kinga hapa sokoni na tumewauliza: katika kinga kumi zinazoletwa kwenu, ngapi zina freni mbili zinazoshika? Walicheka. Wakatuonyesha mipira ya freni iliyokatwa kutoka kwa lastiki ya pikipiki, ao kutoka kwa sapato. Wengine hawana kabisa. Wanatumia mguu, soli ya sapato juu ya gurudumu. Kwenye tambarare ya Baraka hiyo inaenda. Kwenye mteremko na kilo 170 haiendi, na hii hapa ndiyo sababu.

Kwanza, mwendo. Mtu anayeenda kilomita 10 kwa saa anahitaji nafasi fulani ya kusimama. Akienda 20, anafikiri atahitaji nafasi mara mbili. Hapana: ni mara nne. Akienda 30, ni mara tisa. Hiyo si maneno ya shirika, ni hesabu ya shule ya sekondari, na mlima unaongeza juu yake kwa sababu unaendelea kukusukuma huku wewe unashika. Kwa hiyo mtu anayesema «nitashika freni nikiona shimo» tayari amechelewa. Freni inashikwa kule juu, kabla kinga haijapata mbio.

Pili, maji. Janti zetu ni za chuma. Chuma ikilowa, mpira wa freni unateleza kama mguu juu ya jiwe la mtoni. Mtu anashika kwa nguvu zote, hakuna kitu. Halafu maji yanafutika, freni inakamata kwa ghafula, na anaruka juu ya gidoni. Mvua ikinyesha, shika kidogo kidogo tangu juu, ili mpira ufute janti. Usingoje kona.

Tatu, moto. Ukishika freni mfululizo mteremko mzima, mpira na janti vinapata moto na mpira unaanza kulainika. Gusa janti kule chini, utaona. Kwa hiyo tunashuka kwa vipande: kipande kimoja, tunasimama, tunapumzika, tunaangalia kamba za mzigo, kipande kingine. Na pale mahali pabaya kabisa, ambapo sote tunapajua, pale barabara inapopinda huku maji yameikata, mtu mwenye mzigo anashuka na kutembea, mkono mmoja kwa gidoni na mwingine kwa freni.

Tunajua jibu. Vijana wanasema: Warundi wanashuka toka Bugarama mpaka Bujumbura na mikungu ya ndizi, mbio kama pikipiki, na kupanda wanashika nyuma ya kamio. Ni kweli, tumewaona. Lakini ile ni barabara ya lami, na hata huko wengi hawakurudi nyumbani. Hapa kwetu ni mawe yanayotembea. Waswahili wa zamani walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tunashuka kwenda Baraka kila siku. Hatuwezi kusema methali hii hatukuisikia.

ADUI WA BARABARA NI MAJI

Wengi wanafikiri barabara inaharibiwa na kamio. Kamio inaharibu, ndiyo, lakini inaharibu zaidi barabara ambayo maji yameshalainisha. Barabara ya udongo inaishi ikiwa na mambo matatu: mgongo ulioinuka katikati ili maji yakimbie kando, mifereji miwili isiyoziba, na njia za kutoa maji kwenda bondeni kabla hayajawa mto. Mfereji mmoja ukiziba kwa majani ya wiki mbili, mvua moja inatosha kuhamisha mto katikati ya barabara. Yale mapengo tunayoyaruka na kinga yalianza hivyo hivyo: mfereji uliokosa jembe.

Nchi yetu ina ofisi za kazi hii. Barabara za taifa ni za Ofisi ya Barabara. Barabara za kutoa mazao mashambani nazo zina ofisi yao. Na kuna mfuko wa FONER unaokusanya makuta kutoka kwa mafuta ya gari. Lakini mfereji hauwezi kungoja makuta yateremke kutoka Kinshasa. Njo maana katika sehemu nyingi za nchi kuna komite za wakaaji za kutunza barabara, zinazoitwa CLER, na watu wa vijiji wanaolipwa kufagia mifereji kwa jembe na beleshi. Kuna pia bariera ya mvua: mvua ikinyesha, kamio inasimama saa chache mpaka udongo ukauke. Kinga na mtu wa miguu wanapita. Bariera ya namna hiyo tunaikubali. Ni dawa ya barabara.

Sasa, siku moja barabara hii itatengenezwa vizuri. Tunaiomba siku hiyo. Mgonjwa wa Fizi anaihitaji, bei ya chumvi inaihitaji. Lakini katika kazi yetu tumeona barabara zilizotengenezwa mahali pengine: lame ya mashine inapita, inapanua, magari yanaanza kukimbia, na mtu wa kinga anatupwa kwenye mfereji. Wanaotengeneza wanahesabu magari. Wasipoona magari wanaandika kwamba hakuna anayepita. Na sisi tunaopita kila siku na kilo 170 hatuandikwi popote.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wanaokaa vijiji vya njiani waingie katika mikutano ya barabara kila inapoitishwa, na waseme mambo mawili tu. La kwanza: acheni njia ya kando, upana wa mita moja, ya miguu na kinga, hasa kwenye kupanda na kwenye kona. La pili: madaraja yawe na mbao za kupita kwa urefu, zisiache mwanya unaomeza gurudumu la kinga. Makuta yanayohitajika kwa hayo ni kidogo sana ukilinganisha na mashine.

WAMAMA NA WASICHANA

Mtu akisimama kando ya barabara siku ya soko ahesabu, ataona hivi: kinga inaendeshwa na mwanaume, na mzigo wa mgongoni unabebwa na mwanamke. Mihogo ile ile, soko lile lile. Mwanaume anafika saa tatu na kupata bei ya asubuhi; mama anafika saa sita, wakati wanunuzi wameshajaza magunia, naye anachukua bei wanayompa.

Kule kambini wasichana wengi walijifunza kinga. Walirudi huku na wakaacha, kwa sababu waliambiwa si adabu. Hatutaki kugombana na mzee yeyote hapa. Tunauliza tu: ni adabu gani inayompendeza mama mwenye mimba akiwa na kilo 40 mgongoni kwa mlima? Wazee wenyewe watuambie. Mama mmoja wa chama hiki alisimama mwaka jana na kusema: «Mimi sitaki kinga ya bwana wangu. Nataka ya kwangu, ili akiiuza nijue ameuza yangu.» Mlicheka wote. Lakini komite iliandika maneno hayo, na leo tunayarudisha mbele yenu.

PIKIPIKI, NA KAMBA ZA NJIANI

Wengine wameuliza: kwa nini makuta ya chama yaingie kwa kinga wakati dunia inaenda kwa pikipiki? Motari anafika Fizi, kinga bado iko mlima wa kwanza. Hatuipingi pikipiki. Ndiyo inayookoa mama anayezaa usiku. Lakini pikipiki inakunywa kila siku, na mafuta yanakuja toka mbali, kwa dolari, na bei inapanda kila barabara ya Uvira inapofungwa. Kinga inakunywa maji ya mwenyewe. Ikiharibika, fundi ana nyundo na kipande cha chuma, inatembea. Chama chetu ni cha watu wanaochanga kidogo kidogo; kifanye kwanza kile ambacho kidogo kidogo kinaweza kubeba.

Kisha kuna kamba. Hatuzungumzi juu ya bariera ya mvua sasa. Tunazungumza juu ya ile kamba inayofungwa kati ya miti miwili, mtu wa kinga akaambiwa alipe. Hatutaji ni nani. Ninyi mnawajua kutuzidi, na wanabadilika. Mtu wa mawese akilipa mara tatu njiani, faida yote imekwisha kabla ya soko. Na tumeona kitu kingine: juu ya kuogopa kamba, watu wanasafiri usiku ao wanashuka mbio ili wapite kabla kamba haijafungwa asubuhi. Ajali nyingine zinaanzia pale, siyo kwa freni. Dawa tuliyo nayo ni moja: kwenda kwa kundi, mchana, na mtu mmoja anayezungumza kwa niaba ya wote. Watu kumi wenye kinga wanasikilizwa kuliko mmoja. Na kila kilicholipwa kiandikwe kwenye daftari la chama, mahali, siku na kiasi, ili komite ikienda kuonana na wakubwa wa teritware isiende na malalamiko ya mdomo tu.

TUNAYOOMBA

Tumefika mwisho. Komite inaweka mbele yenu mambo manne. Msiyakubali juu ya heshima, yazungumzeni.

Kwanza, kabla ya kasha kuanza tena kulipa mifupa, lilipe freni. Tununue mipira ya freni kwa jumla, ya dukani, siyo ya kukatwa, na mwanachama aipate kwa bei ya kununulia. Fundi wawili wa chama watafunga bila malipo siku ya mbele ya soko.

Pili, sheria ya mteremko. Mwanachama mwenye kinga ya mzigo anajaribu freni zote mbili kule juu, na pale mahali pabaya anatembea. Mtu akianguka akiwa hana freni, na freni zilikuwepo kwa bei ya chama, kasha litamsaidia hospitali, lakini mzigo uliomwagika hatutaulipa. Tunajua neno hili ni kali. Mwenzetu aliyevunjika mguu ndiye aliyelipendekeza.

Tatu, katika kinga za kwanza zitakazonunuliwa kwa mkopo wa chama, nusu ziandikwe kwa majina ya wamama, na watoto wakubwa wa shule wapewe kazi ya kuwafundisha pale uwanjani, jioni, wenye kucheka wakikatazwa kuingia.

Nne, kila kijiji chenye wanachama kichague mtu mmoja wa mfereji. Siku ya salongo, kabla ya kufagia mbele ya ofisi, tusafishe kwanza mifereji ya kipande chetu cha barabara. Hatutangoja mtu kutoka nje. Mashirika, pamoja na letu, yanakuja na kwenda. Mradi unaisha, jipu inageuza. Nyinyi na mlima mtabaki.

Wanaokubali jambo la kwanza, tunaomba mkono. Na kama kuna mtu aliyekuja na kinga leo, asiondoke haraka: fundi wako pale chini ya mwembe na funguo zao, wanaangalia freni bure mpaka saa kumi.